Kabla Hujanunua Nyumba ya Zamani Kijijini: Jinsi ya Kuikagua Hatua kwa Hatua

Nyumba nyingi za kijijini huonyeshwa wanunuzi wakati wa kiangazi. Barabara inapitika, uwanja umefagiwa, ukuta wa mbele umepakwa rangi wiki iliyopita. Kila kitu ambacho kingekueleza ukweli kuhusu nyumba hiyo kimeshakauka.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kununua nyumba iliyojengwa miaka thelathini, arobaini au zaidi iliyopita katika kijiji cha Tanzania Bara. Huenda ni ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa tope, au ya miti na udongo iliyopigwa lipu ya saruji baadaye, au, kule pwani, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Si lazima uwe fundi. Unahitaji utaratibu, siku mbili zilizoachana, na mtu mmoja anayejua majengo ambaye hapati chochote nyumba ikiuzwa wala isipouzwa.

Jambo moja nitalirudia mpaka uchoke: fuata maji. Mchwa wanapenda unyevu, nyufa nyingi huanzia kwenye msingi uliolowa, na ukuta wa udongo unaoanguka karibu kila mara umelainishwa na maji kabla ya kusukumwa na kitu kingine. Ukijua maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, umeshakagua zaidi ya nusu ya nyumba.

Nani akukagulie

Watu hupoteza fedha hapa kwa kumwita mtaalamu asiyehusika. Mpima ardhi atakuonyesha mipaka na kuweka alama, hatapanda darini. Mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini atakuambia nyumba ina thamani gani sokoni, na benki ikikukopesha itamtaka yeye. Lakini hachimbi pembeni mwa msingi kuona umekaa juu ya nini. Anayeweza kusema kama jengo litaendelea kusimama ni mhandisi ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au fundi sanifu wa majengo. Ofisi ya mhandisi ya halmashauri ya wilaya ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia.

Kwa nyumba ya ghorofa, au ya mawe ya zamani yenye kuta nene, mlipe mhandisi. Kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu vinne, mimi ningechukua mafundi wawili wenye umri, mwashi na seremala, kutoka kata nyingine. Walipe kwa siku, na uwaambie mapema kwamba kazi ya ukarabati hawatapewa wao. Fundi anayetarajia kazi huona kila ukuta ni wa kubomoa. Fundi aliyeletwa na dalali huona kila ukuta ni mzima. Wote wawili wanaweza kuwa watu waaminifu kabisa, ila macho yao yameshalipwa.

Walio mbali, Muscat au Manchester, wanaonunua kwa simu, wasikubali picha. Muombe mtu wako apige video moja isiyokatwa, kuanzia njiapanda ya kijiji, kuzunguka nyumba nje, kuingia kila chumba, na kumalizia chooni. Asiwe ndugu wa muuzaji, wala yule mjomba anayesubiri kiinua mgongo cha dalali.

Anza na anayeuza

Hakuna maana ya kumlipa fundi akague nyumba ambayo anayeiuza hana haki ya kuiuza. Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika ofisi ya kijiji, kabla ya kugusa ukuta.

Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: mkataba kati yako na muuzaji peke yenu hautoshi. Uhamisho wa haki miliki ya kimila unahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji, na bila kibali hicho mauziano hayasimami mahakamani hata kama umelipa shilingi yote na balozi wa nyumba kumi ametia saini. Mwenyekiti peke yake si halmashauri. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na uamuzi wao huandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Omba nakala yenye muhuri wa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ndiye katibu wao. Kama wewe si mkazi wa pale, jiandae kueleza kwamba unakuja kuishi au kufanya kazi gani. Kiongozi akikutajia asilimia ya bei kama “mchango wa ofisi”, mwombe kwa adabu risiti ya serikali, kisha usikilize atakavyobadilisha maneno.

Uliza jina lililo kwenye hati ya kimila, kama hati ipo. Kama mwenye jina ameshafariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Barua ya kikao cha ukoo ni mwanzo tu wa safari ya kwenda Mahakama ya Mwanzo. Kama muuzaji ameoa au ameolewa, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzi wake. Zungumza na mama mwenye nyumba moja kwa moja, mbele ya mtu wa tatu: “Shikamoo mama. Nimeambiwa nyumba inauzwa. Na wewe umeridhia?” Jibu la kinywa litakuonyesha mengi, lakini saini yake lazima iwe kwenye mkataba.

Kisha tembea mipaka pamoja na majirani wa pande zote. Uchagani mpaka husemwa na masale, Usukumani mara nyingi ni uzio wa minyaa. Kwingine ni mti wa mwembe ambao kila upande unasema ni wake. Waandike majina majirani na waweke saini kwenye mchoro, hata kama umechorwa kwa mkono. Uliza kuhusu makaburi. Kilimanjaro, Kagera na sehemu nyingine nyingi watu huzikwa uwanjani, na familia itaendelea kuja kuyafagia. Hilo si kosa la nyumba, ila lazima liandikwe: njia ya kuyafikia, eneo lake, na kwamba halitajengwa.

Mwisho wa hatua hii, pima umbali kutoka barabarani. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na nyumba nyingi za zamani zilijengwa wakati upana uliotengwa ulikuwa mdogo kuliko huo. Angalia kwa makini ukuta unaotazama barabara: alama ya X nyekundu ya kubomolewa, hata ikifunikwa kwa rangi, huonekana bado jua likiwa upande. Karibu na mto, ziwa au bahari, kumbuka mita 60 kutoka ukingoni ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani yake.

Siku na vifaa

Nenda mara mbili, na moja ya safari hizo iwe baada ya mvua. Kwenye mikoa yenye misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei ndiyo mwalimu mzuri. Dodoma, Iringa, Njombe na Mbeya, subiri mvua ya msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili. Muuzaji akikuharakisha umalize kabla mvua haijaanza, hiyo yenyewe ni taarifa.

Beba tochi yenye nguvu, bisibisi ndefu, futi ya tepu, pima maji, timazi na uzi, penseli, jembe dogo, ndoo na ngazi. Azima ngazi palepale kijijini. Ukikosa kabisa, meza juu ya meza haifai, ahirisha. Vaa viatu vilivyofunika miguu, kwa sababu utaingia mahali ambapo nyoka wameshapanga.

Uwanja na msingi

Simama upande wa juu wa mteremko na utazame nyumba kama maji yanavyoitazama. Mifereji midogo imechora njia gani uwanjani? Kuna sehemu ya ukuta yenye mstari wa tope uliokauka, usawa mmoja kutoka pembe hadi pembe? Hapo maji yalishasimama. Mwaga ndoo ya maji mita moja kutoka ukutani, kila upande, uone yanakwenda wapi. Yakirudi kwenye nyumba, andika.

Muulize mtu mzima wa jirani, asiye ndugu wa muuzaji: “Shikamoo bibi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi hapa?” Wazee hawajibu kwa jumla. Watakutajia mwaka wa mvua za El Niño, 1997 kwenda 1998, na nyumba ipi ilianguka wakati huo.

Sasa tazama chini ya ukuta. Kwenye nyumba za zamani utakuta mara nyingi msingi umetokeza nje, mawe au matofali ya chini yanaonekana, wakati fundi aliyejenga aliyafukia. Wengi hudhani nyumba imeinuliwa. Kilichotokea ni kwamba uwanja umefagiwa kila asubuhi kwa miaka arobaini, na matone ya upenu yamechimba mtaro, mpaka ardhi imeshuka. Nimeona nyumba nzuri kabisa ambazo ubavu mmoja wa msingi umebaki ukining’inia juu ya hewa. Dawa yake si ghali ikiwahiwa: kurudishia udongo na kuushindilia, kujenga baraza au mkanda wa zege kuzunguka nyumba, kurefusha upenu, kuweka gata. Ikichelewa, ni kujenga ukuta upya.

Omba ruhusa uchimbe shimo dogo kando ya ukuta, pembeni ambapo ufa unaonekana kama upo. Sentimita sitini kwenda chini zinatosha kuanzia. Unataka kujua mambo matatu: msingi unakwenda kina gani, umejengwa kwa nini (mawe na saruji, mawe na tope, au hakuna kitu), na umekaa juu ya udongo gani. Muuzaji akikataa shimo hili dogo, bei yake ishuke kana kwamba msingi haupo.

Udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi mpaka mguu unazama, hupandisha na kushusha nyumba kila mwaka. Nyumba iliyo juu yake itapata nyufa kila mwaka hata ukiziba kila mwaka. Sikukatazi kununua, lakini usilipie lipu mpya ya muuzaji kama vile tatizo limekwisha.

Na tazama juu zaidi ya uwanja. Maporomoko ya tope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang na kuipiga Katesh, Desemba 2023, yaliwakumbusha watu kwamba bonde lililo kavu miaka mingi bado ni njia ya maji. Nyumba iliyo mdomoni mwa korongo haina fundi wa kuitibu.

Kuta na nyufa

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu kuliko kwingine.

Anza kwa kugonga. Piga ukuta kwa kifundo cha kidole au mpini wa bisibisi, kutoka chini kwenda juu, kila nusu mita. Sauti nzito inamaanisha lipu imeshikana na ukuta. Sauti ya debe tupu inamaanisha imeachana nao. Kwenye nyumba ya tope au ya matofali yaliyojengewa tope, lipu ya saruji huachana mapema, kwa sababu saruji ni ngumu na haipumui, wakati ukuta ulio nyuma yake hulainika na kunyauka kwa majira. Maji yakiingia kwenye ufa mdogo juu, hushuka nyuma ya lipu na kukaa humo. Kwa nje unaona ukuta mweupe ulionyooka. Ndani, tope limeshakuwa uji. Ndiyo maana nyumba ya udongo isiyopigwa lipu, yenye upenu mrefu, mara nyingine ni salama kuliko jirani yake iliyopendezeshwa. Mnunuzi anayeipenda nyumba kwa sababu “imeshapigwa lipu” angetakiwa kuiogopa kidogo kwanza.

Chagua sehemu moja yenye sauti ya utupu, mwombe mwenye nyumba mbandue kipande cha kiganja, mwone kilichopo. Kwenye nyumba ya miti na udongo, angalia miguu ya miti pale inapoingia ardhini. Chokonoa kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, mti umekwisha, na ukuta unasimamishwa na mazoea.

Matofali ya kuchoma hayafanani hata yakitoka tanuru moja. Yaliyokaa karibu na moto huiva, ya pembezoni hubaki mabichi. Tafuta tofali lililolegea au lililobaki uani kutoka ujenzi ule ule, ulikwaruze kwa msumari, kisha uliloweke kwenye ndoo usiku kucha. Lililoiva litatoka na umbo lake. Lililo bichi litaacha matope chini ya ndoo. Kama nyumba imejengwa kwa ya aina ya pili, kinga yake pekee ni paa zuri na msingi mkavu, na bei lazima ilijue hilo.

Nyufa zina lugha yake. Ufa mwembamba kama unywele, uliotapakaa kwenye lipu kama ramani, ni lipu iliyokauka haraka, usikose usingizi. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye maungio ya matofali, hasa ukianzia pembe ya dirisha, unasema upande mmoja wa msingi umeshuka. Ufa wa wima pembeni, pale kuta mbili zinapokutana, mara nyingi unasema chumba kile kiliongezwa baadaye na fundi hakuzifunga kuta zishikane. Ufa wa mlalo juu, karibu na paa, unasema paa linausukuma ukuta kwenda nje, na karibu hakika hakuna rinta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, iliyozunguka nyumba nzima.

Upana nao una neno. Chini ya milimita 5, kwa kawaida ni kazi ya kuziba na kupaka rangi, alimradi ufa haukui. Kati ya 5 na 15, mwite mhandisi. Zaidi ya 15, au ukiona mwanga kupita, fanya hesabu ya kujenga upya ukuta huo. Kujua kama ufa unakua, chora kwa penseli mistari miwili, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani. Utapima tena safari ya pili. Ufa uliozibwa karibuni, wenye mstari wa saruji mpya kwenye ukuta wa zamani, unastahili swali moja tu: “Umezibwa lini, na ni mara ya ngapi?”

Ning’iniza timazi kwenye kila pembe ya nje. Ukuta uliotoka nje kwa sentimita moja mbili tangu zamani na ukatulia ni mzee aliyeinama. Uliojitokeza tumbo katikati ni jambo jingine, huo unajiandaa. Mkoani Kagera, ongeza swali: nyumba hii ilikuwa na hali gani baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016? Lilikuwa la ukubwa wa 5.9, liliua watu na kuangusha nyumba nyingi za matofali, na nyingine zilizobaki zilizibwa nyufa na kupakwa rangi bila kukaguliwa.

Ndani, tazama sentimita hamsini za chini za kila ukuta. Rangi inayobanduka, doa lenye unga mweupe wa chumvi, harufu ya uvundo nyuma ya kabati: maji yanapanda kutoka ardhini. Sogeza makabati. Ndiyo, sogeza, ukishaomba ruhusa. Kalenda kubwa na mapazia ya ukutani nayo huficha mengi.

Paa

Funga milango na madirisha mchana jua likiwa kali, zima taa, simama katikati ya kila chumba kisicho na dari. Kila nyota unayoiona ni tundu la bati. Chumba chenye dari kinahitaji upande, kupitia mlango wa dari au kwa kufungua ubao mmoja.

Bati hupimwa kwa geji, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na bati nene lililoota kutu juu juu lakini bado lina maisha, wakati kipande kilichobadilishwa juzi ni chembamba na kimeshaanza kulia upepo ukivuma. Kwa hiyo usikatae bati kwa sababu ya rangi ya kutu. Libonyeze kwa bisibisi kwa ndani, hasa pale bati moja linapolalia jingine na kwenye matundu ya misumari. Likitoboka, limekwisha. Hesabu bati zote, safu kwa safu. Hiyo ndiyo namba utakayokwenda nayo dukani kuulizia bei.

Mbao ndizo muhimu kuliko bati. Seremala wako aanze na mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta na kubeba paa, kwa sababu ndiko maji ya upenu na mchwa hukutana. Achokonoe ncha za kenchi zote, si mbili tatu. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani mpaka juu ni barabara ya mchwa. Vunja kipande kimoja uone kama wamo. Vikiwa vitupu, rudi safari ya pili uone kama vimejengwa tena. Unga laini chini ya mbao unatokana na wadudu wanaotoboa. Mvule, mninga na mkoko huvumilia, na kwenye nyumba za zamani unaweza kubahatika kuzikuta. Miti laini isiyotiwa dawa haidumu.

Tazama mstari wa juu wa paa ukiwa mbali. Ukilegea katikati, kuna kenchi imevunjika au imeliwa. Popo wakiwa darini, utawanusa kabla ya kuwaona. Kinyesi chao kinaozesha dari na ni hatari kukivuta puani, hivyo funika pua.

Ukikuta paa la bati za kijivu, nene, zinazovunjika kama kigae, zilizowekwa miongo mingi iliyopita, huenda ni asbestosi. Usilikate, usilitoboe, usilisugue. Vumbi lake husababisha saratani, na kuliondoa ni kazi ya watu wenye vifaa. Weka gharama hiyo kwenye bei, au acha nyumba.

Nyumba za matumbawe

Pwani, kutoka Tanga mpaka Mikindani, nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa zina kanuni zake. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazizidi sana mita mbili na nusu hadi tatu, na mzigo wote wa sakafu ya juu au paa la zege ya chokaa unakaa juu ya ncha za boriti hizo ndani ya ukuta. Ncha hizo ndizo za kukagua. Boriti inaweza kuwa nzima katikati na kuwa unga pale ilipoingia ukutani. Chokonoa pale pale, na uangalie kama kuna vumbi linalomwagika au doa la maji kwenye maungio.

Onyo lile la lipu ya saruji hapa ni kali maradufu. Ukuta wa matumbawe hunyonya na kutoa unyevu siku zote. Ukiufunga kwa saruji, chumvi na maji hubaki ndani na kuula. Ukikuta saruji, ulizia gharama ya kuibandua na kupiga chokaa tena, na kama kuna fundi wa chokaa eneo hilo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri la Mji Mkongwe Zanzibar, iliporomoka na kuua. Jumba la kifalme likifika hapo, nyumba ya kijijini isiyo na mfadhili inahitaji mhandisi kabla ya hundi.

Zege la karibuni lililoongezwa kwenye nyumba hizi nalo lichunguzwe. Kama fundi alitumia mchanga wa baharini, chumvi itakuwa imeshazila nondo. Dalili ni kutu inayochora mstari chini ya rinta na zege linalobanduka vipande.

Choo, maji na umeme

Kuhusu choo cha shimo, swali la maana ni lile ambalo hakuna anayelipenda: mashimo ya zamani yako wapi? Familia iliyokaa miaka arobaini imejaza zaidi ya shimo moja, na mara nyingi lililofukiwa liko pale pale unapopanga kujenga jiko. Pima kina kilichobaki kwa kamba yenye jiwe. Pima umbali wa choo hadi kisima chako na hadi kisima cha jirani. Tafuta mita 30 au zaidi, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko.

Maji ya bomba ya kijijini husimamiwa na chombo cha watumiaji maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Waulize wao, siyo muuzaji, kama bomba linatoa maji miezi yote na kama kuna deni. Umeme: soma namba ya LUKU, nunua uniti za fedha kidogo uone kama deni litakatwa, kisha fundi umeme afungue meni switchi aangalie nyaya na waya wa ardhini. Nyaya za zamani zilizounganishwa kwa plasta ndani ya dari la mbao ni moto unaosubiri siku.

Kugeuza ukaguzi kuwa bei

Usiku huo huo, wakati bado unakumbuka, andika kila kasoro na picha yake. Zipange kwa swali moja: lipi lazima lifanyike kabla mtu hajalala humo, lipi linaweza kusubiri mwaka, lipi utaishi nalo. Kundi la kwanza tu ndilo la kubishania bei. Ukienda kwa muuzaji na orodha ya mambo hamsini, pamoja na kitasa kibovu, atakuona msumbufu. Ukienda na paa, msingi wa upande wa mashariki na mirathi, kila kimoja na bei ya fundi iliyoandikwa, atakaa na ndugu zake na kufikiri.

Kuna wakati hesabu inasema unanunua kiwanja, nyumba ni ziada. Hapo lipa bei ya kiwanja, ondoa gharama ya kubomoa, na usione haya kulitamka. Mambo matatu mimi yangenifanya niondoke bila kurudi mezani: mirathi isiyofunguliwa yenye ndugu wanaogombana, nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara au njia ya korongo, na muuzaji anayekataa fundi wangu apande darini.

Mkikubaliana, lipa kwa awamu mbele ya Mtendaji, na ubaki na sehemu ya fedha mpaka siku ya makabidhiano. Mkataba utaje kwa jina vitu vinavyobaki: milango, madirisha, nondo zake, tanki, gata, masinki, mita ya LUKU, na bati za paa. Kwenye nyumba za pwani taja mlango wa nakshi peke yake na picha yake iambatanishwe, kwa sababu ndio wa kwanza kupata mnunuzi mwingine usiku wa kuamkia siku ya kuhama. Siku hiyo pita na orodha chumba kwa chumba pamoja na muuzaji, wekeni saini, kisha ndipo umpe fedha iliyobaki na uchukue funguo.